Kipa Aliyebaki Mtoni

Harufu ya kitambaa chenye unyevu kinapokutana na pasi ya moto ndiyo iliyonilea. Wenzangu walilelewa kwa maziwa na uji. Mimi nililelewa kwa mvuke. Duka la baba yangu lilikuwa kwenye barabara ya Rockey, Yeoville, hapa Johannesburg, mlango mmoja kutoka saluni ambamo mama yangu alisuka nywele, na milango minne kutoka kwa kinyozi ambaye nitamleta muda si mrefu. Lilikuwa duka dogo, tena dogo kiasi kwamba mteja akitaka kugeuka apimwe mgongo ilibidi kwanza mteja mwingine atoke nje na mimi nipande juu ya meza. Ndani mlikuwa na cherehani mbili: moja ya umeme, iliyonguruma tangu asubuhi kama teksi inayotafuta abiria wa kwenda mjini, na nyingine nyeusi, ya kuzungusha kwa mkono, iliyokaa chini ya meza imefunikwa gunia kama mgonjwa. Hiyo ya pili haikushona kitu, haikuuzwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuikalia. Niliikalia mara moja tu. Mpaka leo nikipita karibu na cherehani nyeusi nasimama wima kama askari.

Baba yangu alikuwa fundi kutoka Kongo ya mashariki, na mtaa mzima ulimwita Papa Neema, kwa sababu Neema ni mimi na kwetu mzazi huvaa jina la mtoto wake wa kwanza. Ukituondoa sisi wa nyumbani, alipenda vitu viwili duniani: kitambaa cha sufu na timu moja ya mpira ya Uingereza. Timu hiyo sitaitaja. Nikiitaja, nusu ya wasomaji watafunga ukurasa huu kwa hasira, nusu iliyobaki wataanza kuimba, na hakuna atakayenisikiliza. Itoshe kusema kwamba huvaa nyekundu, na kwamba imewahi kuwaliza wanaume wazima katika kila bara, pamoja na lile lenye barafu na ndege wasioruka. Bango lake lilibandikwa juu ya kioo cha kupimia nguo, mahali ambapo kwenye maduka mengine ya mtaa wetu ungekuta picha ya harusi, ya mchungaji au ya babu aliyekunja uso. Kwetu picha ya babu haikuwapo. Tulikuwa na wachezaji kumi na mmoja na kocha.

Historia ya timu hiyo niliijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Papa aliisimulia akishona, na alikuwa na vipimo vyake. Kukunja pindo la suruali moja kulichukua msimu mmoja. Kubadilisha zipu ilikuwa mechi moja, pamoja na dakika za nyongeza ikiwa zipu imekwama. Gauni la harusi lilitutoa mwaka wa kuanzishwa hadi vita ya kwanza, na suti kamili ilitosha kushuka daraja, kuteseka huko chini, na kupanda tena. Nilijua jinsi vijana wa karakana walivyotoka kazini na masizi usoni wakapiga mpira kwenye uwanja wenye matope ya kumeza ng'ombe; jinsi walivyoazima jezi kwa sababu hawakuwa nazo; jinsi timu ilivyokaribia kufa mara tatu na kufufuka mara nne, hesabu ambayo hakuna aliyewahi kunifafanulia. Mteja akirudisha suruali iongezwe kiuno, Papa aliurudia msimu ule upya, na mara nyingi magoli nayo yaliongezeka. Nikiwa na miaka kumi ningeweza kukutajia bingwa wa mwaka wowote, lakini ungeniuliza shangazi zangu wangapi, ningekukodolea macho.

Maana jambo hilo ndilo lilikuwa gumu nyumbani kwetu. Mama ukimuuliza habari za kwao alimwagika kama bomba lililopasuka. Angekutajia wazazi, wajomba, majirani, na mbuzi aliyekula shuka la kanisa. Lakini Papa alikuwa na dawa ya maswali, na dawa hiyo ilikuwa pini. Ukimuuliza habari za kwao, alichukua pini kutoka kwenye kimto chake akaziweka mdomoni, moja moja, mpaka saba, akazibana kwa midomo na kuendelea na kazi. Mtu mwenye pini saba mdomoni humuulizi kitu. "Usimsumbue Papa yako na mambo ya kule," Mama aliniambia siku moja akinisuka, huku akinivuta nywele mpaka nyusi zangu zikahamia kisogoni. "Ukitaka aseme, muulize mpira." Nilidhani ananishauri nibadilishe mada.

Basi, mwaka huo ninaousimulia, ule ambao nusu ya mji ilichimbwa ili Kombe la Dunia likija likute barabara nzuri, mwalimu wetu wa darasa la tano alitugawia karatasi yenye mchoro wa mti. Kila tawi lilikuwa na sanduku, na kila sanduku lilitaka jina. Tulipewa wiki mbili. Upande wa Mama niliumaliza jioni ileile, na nilimwacha mbuzi nje kwa sababu tu nafasi haikutosha. Upande wa Papa niliandika jina lake, na juu yake kukabaki masanduku mawili matupu: la babu na la bibi. Mwalimu alikuwa amesema wazi kwamba atakayekuja na masanduku matupu atasimama mbele ya darasa aeleze kwa nini. Na mimi nilikuwa tayari na jina gumu, lafudhi ya ajabu, na chakula cha mchana kilichonuka samaki. Sikutaka kusimama mbele ya mtu yeyote.

Nilimwendea Papa dukani na karatasi yangu. "Papa, baba yako aliitwa nani?"

Mkono ukaenda kwenye pini. Lakini siku hiyo uliishia njiani. Akaitazama karatasi kwa muda mrefu, akaitazama na koti aliloanza kukata, koti la harusi la Mkenya mmoja wa benki huko Sandton, mwanamume mnene aliyekuja na gari lililoziba mtaa. "Nitakuambia," alisema. "Acha kwanza nimalize hii koti. Kaa. Leo nitakupa habari ya Kipa."

Nikakaa, nimevunjika moyo. Mimi nataka babu, mwenzangu ananipa kipa! Lakini koti la harusi ni kazi ya wiki mbili, na hadithi ya wiki mbili sikuwahi kuipata, kwa hiyo nilisogeza kigoda.

Kipa huyo, kwa maelezo ya Papa, aliidakia timu wakati wa vita. Alikuwa fundi cherehani, kwa kuwa zamani mpira haukulisha mtu na kila mchezaji alikuwa na kazi yake. Viganja vyake vilikuwa vipana kama sinia za harusi. Akiwa golini alipiga mluzi, wimbo uleule, hata mvua ikinyesha, mpaka washambuliaji wakachanganyikiwa wasijue kama wamekuja kufunga au wamealikwa sherehe. Kabla ya mechi alikula sombe, yaani kisamvu, na dagaa wa kwetu tunaowaita ndagala, akashushia maji ya moto. Mke wake alifua jezi za timu nzima ziwani, na alimtambua kila mchezaji kwa harufu ya jasho lake. Kulikuwa pia na winga mwenye pengo, aliyecheka hata kwenye misiba. Sikushangaa hata kidogo. Nilijua Uingereza hunyesha mvua bila kupumzika, kwa hiyo maziwa hayangekosekana. Na kuhusu sombe, mimi nilidhani binadamu wote wanakula sombe, kama wanavyovuta hewa.

Koti lilipofika kwenye mikono, vita vikaingia mjini. Asubuhi moja uwanja ukaungua, na timu nzima ikatoka kwa miguu. Kipa alibeba cherehani yake kichwani. Walitembea siku tatu. Nikauliza kwa nini hawakupanda treni, maana treni za Uingereza nilikuwa nimeziona kwenye televisheni, ndefu na safi. Papa akasema treni siku hiyo hazikuja. Koti lilipofika kwenye kola, wakawa mtoni, na wapinzani walikuwa nyuma yao.

"Wapinzani gani, Papa?"

"Wapinzani," alisema.

Kipa akaishusha cherehani, akamtwika mshambuliaji mmoja, kijana kuliko wote, aliyekuwa na mke mchanga. Akamwambia, wewe nenda mbele, mimi nitalinda huku nyuma. Kijana akavuka, maji yakimfika kifuani, na alipogeuka upande wa pili alimwona Kipa amesimama palepale ukingoni, mguu wa kushoto mbele, mikono imefunguliwa, kama mtu anayesubiri penalti.

"Halafu? Alidaka?"

Papa alikuwa anashona kifungo cha mwisho. Alikishona na kukishona, nadhani uzi wa kifungo kile ungevuta lori. "Hatukuona mwisho wa mechi," alisema.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Koti likatundikwa, zuri, la kumfanya hata Mkenya yule mnene aonekane na kiuno. Nikatoa karatasi yangu ya mti na kumkumbusha sanduku langu. Papa akanitazama kama mtu aliyelipa teksi halafu anaombwa nauli tena. "Lakini nimekwisha kukuambia, Neema," alisema. "Nimekuambia yote." Akaziweka pini mdomoni, zote saba, akachukua suruali. Nikatoka nje nikasimama kwenye roboti ya pale kona, nikaangalia taa zikibadilika kutoka nyekundu kwenda kijani, na sikuelewa chochote. Nilijiuliza kama amelewa, na Papa hakunywa hata soda nyeusi.

Sasa nimlete kinyozi. Mzee Shaban alikuwa Mtanzania, mtu wa Tanga, mwenye kofia ya darizi na mdomo usiolala. Alikuwa shabiki wa mahasimu wetu wa buluu, na aliwachukia wekundu kwa bidii ambayo angeitumia kusoma angekuwa profesa. Kila Jumamosi asubuhi kinyozini kwake palikuwa na shindano: mmoja wetu na mmoja wao huulizana historia, na bendera ya mshindi hukaa juu ya kioo kikubwa wiki nzima, wateja wote wanyolewe wakiitazama. Kwa upande wa wekundu bingwa nilikuwa mimi. Ndiyo, msichana wa miaka kumi, nikiwa nimepanda juu ya kreti ya soda. Bendera nyekundu ilikuwa imekaa pale majuma mengi kiasi kwamba vumbi lake lilitaka kupanga chumba. Sheria ilikuwa moja: ukimtaja mchezaji, mtaje kwa jina, vinginevyo hahesabiwi.

Jumamosi hiyo kinyozini palijaa mpaka mlangoni. Mzee Shaban mwenyewe alikuwa anamnyoa kijana mmoja wa Kizulu, dereva wa teksi, na mashine ikiwa kichwani kwa mtu aliniuliza: "Haya, binti wa wekundu! Wakati wa vita, golini kwenu alikaa nani?"

Wallahi nilitaka kupaa. Ulimwengu mzima wa maswali, akachagua lile nililolimaliza jana yake! Nikawapa hadithi yote: viganja, mluzi, sombe, cherehani kichwani, mto. Wanaume wakaanza kutazamana. Wengine walitabasamu. Mlinzi mmoja wa benki, Mkongo mwenzetu, alijikuna shingo.

"Hadithi nzuri," alisema Mzee Shaban. "Jina?"

Jina. Eish. Wiki mbili nzima Papa alikuwa amemwita Kipa tu.

"Hana jina! Kipa hana jina!" wakashangilia wa buluu. "Kaidakia timu kama mzimu!"

Niliruka kutoka kwenye kreti nikakimbia milango minne. "Papa! Kipa aliitwa nani? Haraka, wananihesabia!" Papa alikuwa ameinama kwenye cherehani ya umeme, pini mdomoni. Mashine ikanyamaza. Hakunitazama, alitazama chini ya meza. Kisha, katikati ya zile pini, kwa meno yaliyobana, akasema: "Bisimwa."

Nilirudi mbio, nikapanda kreti, nikalipiga jina lile kwa sauti iliyofika Hillbrow. "Bisimwa!"

Jamani, kicheko. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, na nimekaa Johannesburg maisha yangu yote, mji wa watu wanaocheka kwa mwili mzima. Mtu mmoja alianguka kutoka kwenye kiti, na hakuwa hata amekikalia vizuri. "Bisimwa wa Uingereza!" "Na beki wa kushoto aliitwa Mushagalusha!" "Mama Bisimwa alikuwa anauza ndagala nje ya uwanja!" Mlinzi wa benki peke yake hakucheka. Mimi nilisimama juu ya kreti na masikio yanawaka, na ndipo nilipojiona kwa macho yao: timu ya wazungu, enzi za mababu, kipa wao Mshi, mtu wa kabila letu, kutoka Bukavu. Papa alikuwa amenidanganya. Mbele ya watu wote, kwa wiki mbili, pindo kwa pindo.

Mzee Shaban alikuwa anacheka kuliko wote, akifuta machozi kwa taulo ya mteja. Halafu kicheko chake kikapungua, kama redio inayoishiwa betri. "Nani kakuambia jina hilo?" aliuliza.

"Papa."

"Huyo aliyebeba cherehani?"

"Ndiyo."

"Aliyebaki mtoni."

Nikaitikia kwa kichwa. Mzee Shaban akaizima mashine ya kunyolea. Akaivua kofia yake ya darizi, kofia ambayo nilidhani imeota pale kichwani, akatoka nje, huku dereva wa teksi akibaki na nusu ya nywele. "Hau, madala! Mzee, unaenda wapi na kichwa changu?" Nilimfuata Mzee Shaban kwa mbali, nikachungulia kwenye kioo cha duka letu. Hawakuwa wanazungumza. Mzee Shaban alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, kofia mkononi, na Papa alikuwa anakunja pindo la suruali, taratibu, kisha akaanza suruali ya pili. Misimu miwili mizima ilipita.

Aliporudi, dereva wa teksi alikuwa amekwisha kuwatukana mababu wa vinyozi wote wa Afrika Mashariki. Mzee Shaban akavuta kiti, akapanda, akaipangusa vumbi bendera yetu nyekundu na kuinyoosha juu ya kioo. "Kipa yumo," alisema. "Bendera inakaa."

Pakawaka moto. Wa buluu walipiga kelele kwamba ameuza timu, kwamba amerogwa, kwamba atoe kitabu kinachomtaja huyo Bisimwa. Huyu alikuwa mtu ambaye hajawahi kukubali hata kona ya wekundu. Bao la mwaka ambao hajazaliwa alikuwa bado analibishia. Akawatazama wote kupitia kwenye kioo. "Hapa kinyozi nani?" aliuliza. Wakanyamaza, maana nusu yao walikuwa bado hawajanyolewa.

Ungetarajia nifurahi. Sikufurahi. Nilichanganyikiwa zaidi. Kama Kipa ni kweli, kwa nini walicheka? Kama ni uongo, kwa nini bendera imekaa? Watu wazima wawili waliokuwa wakitukanana kila siku ya Mungu kuhusu mpira walikaa kimya kwa suruali mbili, halafu mmoja akatoka amekuwa mpole. Jumatatu nilipeleka karatasi yangu ya mti na masanduku mawili matupu. Nilisimama mbele ya darasa, nikasema baba yangu hakumbuki, na mwalimu akaandika kwa wino mwekundu kwamba kazi haijakamilika. Kalamu nilikuwa nayo mfukoni, na jina nilikuwa nalo kichwani, limenichoma mpaka kwenye ubongo. Halikunijia kabisa wazo la kuliandika. Lilikuwa jina la kipa wa uongo.

Nikamwadhibu Papa kwa adhabu kali kuliko zote nilizozijua: nilihamia timu ya Mzee Shaban. Wiki tatu nilivaa utepe wa buluu kwenye nywele. Papa aliuona, akaziweka pini mdomoni. Na Mzee Shaban, ambaye ungedhani angechinja mbuzi, alinifungua ule utepe siku moja nikipita mlangoni kwake, akaukunja vizuri, akanirudishia mkononi. "Mwanangu," alisema, "wewe ni wa kule. Rudi nyumbani." Nilirudi, lakini kwenye kreti sikupanda tena, na habari za Kipa sikuuliza. Papa naye hakusimulia. Magauni ya harusi yalishonwa kimya.

Miaka ikapita, na mingine ilinipita mimi bila kuaga. Niliacha shule mapema kwa sababu ambayo sasa ina miaka minane, inaitwa Elia, na inakula kama timu nzima. Matriki yangu, mtihani wa kumaliza sekondari, niliipata katika shule ya jioni, kati ya madereva, wauguzi na bibi mmoja aliyekuwa akisoma hisabati kwa hasira, na cheti hicho nimekiwekea fremu kubwa kuliko dirisha. Siku moja nilifika mapema, jua bado lipo, nikaingia maktaba kutafuta kitabu chochote cha kujizoeza kusoma Kiingereza. Pale rafuni palikuwa na historia ya timu yetu, nene kama tofali, na nyuma yake orodha ya wachezaji wote waliowahi kuivalia jezi. Nikakaa kuisoma kama mtu anayesoma barua za nyumbani. Karakana ilikuwamo. Matope yalikuwamo. Jezi za kuazima, kushuka daraja, kupanda. Hata vita ilikuwamo: mabomu yaliuharibu uwanja, wakahamia kwa muda kwa jirani. Lakini kitabu hakikuwa na ziwa. Hakikuwa na mto, wala mke aliyefua jezi, wala winga mwenye pengo. Nikapitisha kidole kwenye orodha, kwenye herufi B, mara mbili, tatu. Nikacheka peke yangu, nikikumbuka kreti. Na nikiwa bado nacheka nikaiona cherehani nyeusi chini ya meza, imefunikwa gunia, na yule mshambuliaji kijana mwenye mke mchanga anavuka maji nayo kichwani, na kicheko kikaniishia mdomoni. Kengele ya kipindi ililia. Sikuisikia, bibi wa hisabati ndiye aliyekuja kunishika bega.

Nilimwendea Papa Jumapili yake. "Nimesoma kitabu cha timu," nilimwambia. "Bisimwa hayumo."

"Walioandika hawakuwa pale," alisema, mkono ukaenda kwenye pini.

Mama alikuwa ameihifadhi karatasi yangu ya darasa la tano, pamoja na meno yangu ya utotoni na risiti za friji lililokufa zamani. Niliandika Bisimwa kwenye sanduku la babu, kwa kalamu, miaka mingi baada ya mwalimu kukusanya. Pembeni nikaandika kazi yake: fundi, kipa. Sanduku la bibi limebaki tupu. Mwanamke aliyewatambua watu kwa harufu ya jasho lao, na sijui aliitwa nani. Sijui winga mwenye pengo alikuwa ami yangu au ni mchezaji wa kweli waliyesahau kumwandika. Sijui timu ile ilifufuka mara nne au sisi ndio tuliofufuka. Watu husema elimu huondoa utata. Mimi yangu iliniongezea, tena kwa cheti.

Siku hizi Papa hana duka. Anashonea nyumbani, Troyeville, kwenye chumba kimoja na televisheni kubwa ambayo nilimnunulia, kubwa kiasi kwamba wachezaji hutoka wakaomba maji. Jumamosi alasiri Mzee Shaban huja na mkongojo wake, huketi upande wa buluu wa kochi, na wao wawili hutukanana kwa adabu ya watu waliozeeka. Juzi tulikuwa wote pale, mimi, wao wawili na Elia, tukiangalia wekundu wakicheza. Papa alikuwa na suruali ya mtu magotini na pini mdomoni. Golini kwetu lilikuwapo jitu la mita mbili, lenye glavu za rangi ya chungwa na mshahara wa wiki moja unaoweza kuununua mtaa wa Rockey pamoja na mashimo yake. Likaja shuti la mbali, la kawaida, la kudaka huku unapiga miayo. Likampita chini ya kwapa.

Mzee Shaban, mtu wa buluu, mtu ambaye alipaswa kuruka mpaka dari, akaweka kikombe chake chini.

"Ile," alisema, "Bisimwa angeidaka kwa mkono mmoja."

Elia hufahamu Kiswahili lakini huogopa kukisema. Shuleni huongea Kiingereza, uwanjani Kizulu, na babu yake yeye humwita Mkhulu, yaani Babu kwa Kizulu, kama wenzake wote wa mtaani wanavyowaita wao. Akageuka kutoka kwenye televisheni. "Mkhulu," aliuliza, kwa Kiswahili kilichojikwaa kila hatua, "Bisimwa ni nani?"

Nilimtazama Papa. Mkono haukwenda kwenye pini, kwa kuwa pini zilikuwa mdomoni tayari. Akaiweka suruali kando. Akaanza kuzitoa, moja moja, akizichomeka kwenye kimto chake bila haraka, na mimi nikazihesabu mpaka ya saba.